Daktari Naye Afundishwe Kando ya Kitanda

Limekuwa jambo la kawaida katika mikoa hii ya Ziwa kwa mwananchi kufika kwenye kituo cha tiba akiwa na mgonjwa wake, akapokewa na muuguzi mmoja aliyezidiwa na foleni, na kuambiwa kwamba mganga hayupo, ameitwa mjini kwenye semina. Mwananchi huyo kwa kawaida haulizi zaidi. Anajua kwamba semina ni elimu, na kwamba elimu ni jambo jema, basi anakaa kwenye benchi na kungoja, au anageuza na mgonjwa wake kurudi nyumbani.

Hatuna ugomvi na elimu ya waganga. Tiba ni kazi inayobadilika mwaka hadi mwaka, na daktari aliyeacha kujifunza siku alipopokea cheti chake ni hatari kwa watu wanaomwamini. Tunachotaka kuwauliza wakubwa wetu wa serikali ni jambo dogo tu: mganga huyo akisharudi kutoka mjini, mikono yake imebadilika? Usiku wa manane, taa ikiwa hafifu na mtoto amezaliwa hapumui, je, atafanya tofauti na alivyokuwa akifanya kabla ya kwenda?

Tuichukue kata ya Bugomora kuwa mfano wetu. Bugomora imo katika wilaya ya Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, katika mkoa wa Kagera ambao hadi mwaka 1979 ulijulikana kwa jina la Ziwa Magharibi. Ni wilaya ya vilima, migomba na kahawa, iliyopakana na Uganda na Rwanda. Bukoba ni mbali, na Mwanza iko hospitali ya rufaa ya Bugando lakini katikati pana ziwa zima. Tabibu anayefanya kazi katika kata ya namna hiyo hana profesa wa kumwuliza. Aghalabu yeye ndiye daktari wa watoto, wa wazazi, wa ajali na wa vichaa, yote kwa siku moja, naye akiondoka hakuna wa kushika nafasi yake.

Msomaji wetu wa Bumbire au Goziba, au yule wa Ukara kule Ukerewe, huenda akasema kwamba habari za Bugomora hazimhusu, kwa kuwa wale ni watu wa bara nao wana barabara. Twamwomba atazame tena. Mganga wa kisiwani akiitwa kwenye semina ya siku tatu, hizo si siku tatu. Kuna siku ya kungoja mashua, kuna siku ya upepo mbaya, na kurudi vivyo hivyo. Mganga wa Kyerwa naye ana siku zake za basi na za mvua. Bugomora haikuzungukwa na maji, lakini kwa habari ya tiba ni kisiwa kama visiwa vingine, na dawa itakayoifaa Bugomora itaifaa Goziba.

Sasa basi, tusiseme kwa kukisia. Nchi hii ina ushahidi wake yenyewe, tena ushahidi uliopatikana katika hospitali ya kijijini. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom iko wilaya ya Mbulu, mkoani Manyara, mbali na miji mikubwa. Mwaka 2010 watumishi wa wodi ya wazazi pale walipewa mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto mchanga anayeshindwa kupumua. Mafunzo yenyewe ni mepesi kueleweka. Mtoto akaushwe, asuguliwe mgongo. Asipopumua apuliziwe hewa kwa ule mfuko wenye kifuniko cha pua na mdomo ambao wauguzi wetu huuita ambu. Na yote hayo yafanyike ndani ya dakika ya kwanza, kwa maana baada ya dakika hiyo kila nukta inayopita humpunguzia mtoto nafasi ya kuishi. Wanafunzi walifanyia mazoezi yao kwa mwanasesere wa mafunzo anayejazwa maji ili awe na uzito na ulegevu wa mtoto wa kweli.

Miezi ilipopita watumishi wale walipimwa tena, na matokeo yake yangefaa kubandikwa katika kila ofisi ya mganga mkuu wa wilaya. Mbele ya mwanasesere walifanya vizuri zaidi sana kuliko zamani. Mtihani waliushinda. Lakini wodini, mbele ya mtoto wa kweli, hawakubadilika. Walichelewa palepale walipokuwa wakichelewa kabla ya mafunzo. Taarifa ya jambo hili ilichapishwa mwaka 2013, na twawasifu waliokubali kuichapisha, kwa kuwa si wengi wanaopenda kutangaza kwamba kozi yao haikufika kitandani.

Haydom hawakukata tamaa wala hawakuomba semina ndefu zaidi. Kuanzia mwaka 2011 walimweka mwanasesere ndani ya wodi yenyewe ya kujifungulia, na wakaweka utaratibu wa mazoezi mafupi ya kila juma, dakika tatu hadi tano tu, wakati wa zamu, kwa watu walewale watakaompokea mtoto usiku huo. Hakuna aliyesafiri, hakuna ukumbi uliokodiwa. Katika mwaka uliofuata, vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai. Maneno yalikuwa yaleyale, na ambu ileile. Kilichobadilika ni mahali pa kujifunzia na mara za kurudia.

Jambo hili halipaswi kumshangaza mtu wa ziwani. Hakuna mvuvi aliyejifunza kushona wavu ukumbini. Kijana hukaa kando ya mzee, akakosea, akafumuliwa alichoshona, akaanza tena, na kesho yake tena, mpaka vidole vyenyewe vikajua. Mikono ya daktari ni mikono kama ya mvuvi. Kichwa huelewa mara moja, bali mikono hutaka kurudiwa.

Wapo watakaosema kwamba Haydom ni hospitali ya misheni yenye marafiki wa nje, na kwamba katika hospitali za serikali, zilizojaa wagonjwa, hayo hayawezekani. Kwa hao tuna mfano mwingine, nao umetoka kwa wenzetu wa visiwa vya Bahari ya Hindi. Hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, ni hospitali ya serikali iliyokuwa ikizalisha watoto zaidi ya 10,000 kwa mwaka. Mkunga mmoja alikuwa akiwaangalia wazazi kadhaa kwa wakati mmoja. Vitabu vya miongozo vilikuwapo, vingi na vinene, lakini viliandikwa kana kwamba kila mzazi ana mkunga wake. Mkunga aliyejaribu kuvifuata vyote angefuata kwa mzazi mmoja na kuwasahau wengine.

Mwishoni mwa mwaka 2014 na mwaka 2015 ulifanyika huko mpango uliopewa jina la PartoMa. Madaktari na wakunga wa Mnazi Mmoja walikaa pamoja na watafiti, wakauliza: kwa idadi yetu hii, na kwa vifaa vyetu hivi, huduma iliyo bora tunayoweza kuitoa kweli ni ipi? Majibu yakawekwa katika kijitabu cha kurasa chache kinachoingia mfukoni mwa koti. Kisha yakaandaliwa mafunzo mafupi ya saa chache, yanayorudiwa kila baada ya miezi michache, nje ya saa za kazi. Waliokuja walikuja kwa hiari, na posho haikutolewa.

Tunaomba msomaji asome sentensi hiyo mara ya pili. Posho haikutolewa, na watumishi walikuja. Walikuja kwa sababu walikuwa wakizungumza juu ya wazazi wa jana na wa leo, katika wodi wanayoijua, na kwa sababu kijitabu kile kilikuwa na sauti yao. Kati ya mwisho wa mwaka 2014 na mwisho wa mwaka 2015, watoto waliozaliwa wafu katika hospitali ile walipungua kutoka 59 hadi 39 kwa kila uzazi 1,000. Bado ni wengi, tena ni wengi mno. Lakini hakuna jengo jipya lililojengwa kwa ajili ya kuwapunguza.

Hapa hatuna budi kumwonya ofisa mmoja tunayemjua sana, maana yumo katika kila halmashauri. Yeye atasoma habari za Unguja na kufurahi, akaondoa fungu la mafunzo katika makisio ya mwaka na kusema kwamba watumishi wajifunze bure. Huo si ujumbe wetu. Posho iliyokataliwa pale ni ya kukalia kiti cha ukumbi. Mshahara unaochelewa, nyumba ya mtumishi inayovuja na zamu ya usiku isiyolipwa ni mambo mengine kabisa, na mtu aliyechoka kwa hayo hatajifunza lolote hata akifuatwa kitandani kwake. Fedha zilizokuwa zikikodi kumbi zibaki katika fungu la mafunzo, zinunue mwanasesere, zimlipie nauli mwalimu anayewafuata wanafunzi wake.

Tukirudi kwenye mikoa yetu, habari iliyo kubwa kuliko zote ilichapishwa mwaka 2025. Ni ya mpango uitwao Safer Births, uliokua kutokana na kazi ileile ya Haydom. Mpango huo ulipelekwa katika hospitali na vituo vya afya 30, katika mikoa mitano: Manyara, Tabora, Shinyanga, Geita na Mwanza. Katika kila kituo walichaguliwa watumishi wa palepale kuwa wawezeshaji wa wenzao. Mazoezi yalifanyika wodini, mafupi na ya mara kwa mara, na takwimu za wodi zenyewe ndizo zilizoamua wafanye mazoezi gani: mwezi wa kutokwa damu, mazoezi ya damu, mwezi wa watoto wasiopumua, mazoezi ya ambu. Kulikuwa pia na kifaa cha kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto tumboni, na wageni waliokitengeneza wakakipa jina la Kiswahili, Moyo. (Ni nadra kifaa cha hospitali kuja na jina ambalo bibi kizee wa Nansio atalitamka bila kujikwaa, basi na tuwashukuru.) Walifuatiliwa akina mama zaidi ya 280,000. Watoto waliokufa wakati wa kuzaliwa au mara baada ya hapo walipungua kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila uzazi 1,000, na vifo vya akina mama vilipungua kwa kiasi kikubwa zaidi.

Geita ni jirani yetu. Mwanza tunaitazama ng'ambo ya maji. Lakini katika mikoa ile mitano Kagera haikuwamo. Hatusemi hivyo kwa wivu. Tunasema kwa sababu kama kuna mkoa uliopata kujua, kwa uchungu, maana ya mganga wa chini kujifunza akiwa kazini, ni Kagera. Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa Ukimwi katika Tanzania walitambuliwa katika mkoa huu. Hakukuwa na kozi ya ugonjwa huo popote nchini. Walioutambua kwanza ni wale waliokuwa kando ya vitanda, wakiona vijana wakikonda na dawa zilizozoeleka zikishindwa, wakaulizana.

Mwezi Machi 2023 ukaja ugonjwa wa Marburg, kwa mara ya kwanza katika nchi yetu, wilayani Bukoba. Ulipotangazwa kuwa umekwisha mwezi Juni, watu sita walikuwa wamekufa, na mmoja wao alikuwa mhudumu wa afya. Mwezi Januari 2025 ugonjwa huohuo ulitangazwa Biharamulo, na wagonjwa wote kumi waliohesabiwa walifariki. Homa, kutapika, kuharisha: ni dalili ambazo tabibu wa Bugomora huziona kila siku na mara nyingi hukuta ni malaria. Siku isipokuwa malaria, atakuwa peke yake. Hapo kitakachomwokoa yeye na wagonjwa wake ni mazoea ya kuvaa glavu, kumtenga mgonjwa, na kupiga simu mapema bila kuogopa kuchekwa. Mazoea hayo hujengwa kwa kurudiwa katika chumba kilekile ambamo yatahitajika.

Tumetaja kuchekwa, na twapenda kukaa hapo kidogo, maana ndipo penye ugumu ambao takwimu haziuonyeshi. Katika ukumbi wa mjini daktari hujifunza mbele ya watu asiowajua. Wodini atajifunza mbele ya wauguzi wake. Pengine mkunga mwenye miaka thelathini ya kazi ndiye atakayemwambia kwamba ameshika ambu vibaya, hewa inatorokea pembeni. Je, daktari kijana aliyetoka chuo kikuu jana yuko tayari kusikia hayo kutoka kwa mama wa cheti? Na mama huyo yuko tayari kuyasema? Tumeona wakunga wakinyamaza kwa heshima huku wakijua. Heshima ya namna hiyo mtoto hulipa kwa pumzi yake. Penye mazoezi ya kila juma, ambapo kila mtu hukosea kwa zamu mbele ya mwanasesere, daktari akiwa wa kwanza, ndimi hufunguka. Wala lisiwe jambo la kuwaaibisha madaktari. Rubani wa ndege, mwenye mamia ya abiria nyuma yake, hurudishwa kwenye mazoezi maisha yake yote na hakuna anayemdharau.

Akina mama wa visiwani nao wana swali lao, na ni la haki: mnapojifunza kazini, mnajifunza juu yetu? Hapana, wala isiwe hivyo. Ndiyo maana ya mwanasesere. Akosewe yeye, mara ishirini ikibidi, ili mzazi wa kweli apate mikono iliyokwisha kukosea. Pale ambapo mganga hana budi kujifunza kwa mgonjwa mwenyewe, mwalimu asimame bega kwa bega naye, na mgonjwa aelezwe na kuombwa radhi.

Mwaka 1973 taifa hili liliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walijifunza habari za malaria, maji na vyoo wakiwa katika vikundi, vijijini mwao, kwa redio na kijitabu. Serikali haikuwaita wakulima milioni mbili Dodoma. Iliwafuata walipo, ikawaachia vyoo vilivyochimbwa kwa mikono yao. Kama tuliweza kumfundisha mkulima chini ya mwembe wake, hatuoni kwa nini tabibu wa Bugomora afungishwe virago kila anapotakiwa kujua jambo jipya, hasa leo ambapo ana simu mfukoni ambayo kwayo daktari wa Bukoba anaweza kumsikiliza na kumwelekeza.

Lipo tena jambo ambalo serikali inalifanya tayari, nalo ni ziara za usimamizi. Timu ya wilaya huja na gari, au na boti kwa upande wa visiwani, ikiwa na fomu. Huuliza idadi ya chanjo, huhesabu makopo ya dawa, husaini kitabu cha wageni na kuondoka kabla jua halijakuchwa. Humo humo ndani ya gari mara nyingi ameketi daktari mwenye ujuzi ambao tabibu wa kata anauhitaji kuliko kitu chochote, naye siku nzima hakumgusa mgonjwa hata mmoja. Tunapendekeza kwa heshima kwamba daktari huyo avae koti lake, apite vitandani pamoja na tabibu, amwone mgonjwa aliyemshinda mwenzake, wabishane juu yake. Muda huo uandikwe kuwa ni mafunzo, na umhesabiwe tabibu katika kumbukumbu zake za kazi sawasawa na cheti cha ukumbini.

Katika kituo kimoja, ambacho hatukitaji, tulioneshwa mwanasesere wa mafunzo aliyeletwa na wafadhili. Alikuwa ndani ya kasha lake, kasha ndani ya kabati, na kabati limefungwa. Tulipouliza ufunguo tuliambiwa yupo nao mtunza stoo, naye mtunza stoo yuko likizo. Muuguzi aliyetueleza hayo alikuwa akicheka, lakini baadaye alituambia kwamba yeye mwenyewe hajapata kumshika.

Basi waheshimiwa watakapokuja tena Kyerwa, au watakaposhuka gatini Bumbire, tunawaomba waache fomu ndani ya mkoba kwa muda mfupi. Waombe kuoneshwa ambu iko wapi. Waulize ilitumika lini mara ya mwisho, na nani aliishika, na mazoezi ya juma hili yalifanyika siku gani. Kisha wamwombe tabibu, mkunga na daktari waliyekuja naye wafanye zoezi hilo mbele yao, la dakika tano tu, na mashua ingoje.